Staa Kupanda Baiskeli Berlin Siyo Kufulia, Kesi Ni Alipopita Bila Kusimama

Wiki iliyopita mitandao ya hapa Bongo ilichafuka kwa picha moja tu. Dada yetu mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, alikuwa Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, na badala ya kutuposti ndinga kali na mifuko ya madukani kama alivyotuzoesha, akatuposti yuko juu ya baiskeli. Kikapu mbele, raba nyeupe, nyuma yake Lango la Brandenburg. Basi, ikawa nongwa. Saa moja haijaisha watu wameshajaa: "kafulia", "danga limekimbia", "hata hela ya teksi hana". Timu ya hasimu wake ikachukua ile picha ikampakia na gunia la mkaa nyuma.

Mimi si timu yake, na sinema yake ya mwisho niliishia dakika ya ishirini. Ila kwenye hili naomba nimtetee, halafu nikishamtetea nina maneno yangu naye.

Tuanze na hilo la kufulia. Kwetu baiskeli ina watu wake: muuza maziwa, muuza mkaa, mzee wa kijijini anayekwenda gulioni. Mtu akishika hela kidogo anaikimbia, akishika nyingi anakana kabisa kwamba aliwahi kuipanda. Berlin mambo siyo hayo. Utamwona mtu na suti yake na tai anakwenda kazini kwa baiskeli, utamwona mama kaweka watoto wawili kwenye boksi la mbele anawapeleka shule, na wala hakuna anayewaonea huruma. Baiskeli ina njia yake barabarani na taa zake za kusubiri. Ukikatiza kwa miguu kwenye njia hiyo unapigiwa kengele mpaka unajuta. Mji wenyewe tambarare, hakuna mlima wa kukutoa ulimi.

Na alichofanya yule dada ni kulipia ziara ya kuongozwa, kitu ambacho watalii wa dunia nzima wanalipia. Nimewahi kuipanda mwenyewe, kwa hiyo naongea ninachokijua. Mnakuwa kikundi, mwongozaji mbele, mnatembezwa kama saa nne hivi kwa mwendo wa bibi harusi. Kila baada ya dakika chache mnasimama, mnapewa stori ya mahali, mnapiga picha, safari inaendelea. Kofia ngumu kisheria siyo lazima, kwa hiyo wenye mawigi yenu msiwe na hofu. Cha kuangalia ni kwamba kule wanapita kulia. Mtanzania ukikata kona, akili inakuvuta kushoto yenyewe, na huko kushoto kuna basi linakuja.

Halafu tuwe wakweli, ustaa wetu una mipaka. Hapa Mlimani City ukishuka garini watu wanakujaza. Berlin hakuna anayekujua, bhana. Yule kaka yetu wa Bongo Fleva, naye jina tunalo, aliyekwenda kupiga shoo kwa Watanzania wa huko na kuzungushwa mjini kwenye gari nyeusi lenye vioo vyeusi, alikuwa anajificha nani asimwone? Katoka huko na video kumi na mbili, zote za ndani ya gari, na vioo vyenyewe havionyeshi kitu.

Kwenye baiskeli unauona mji. Lile Lango la Brandenburg, kwa mfano, lilikamilika mwaka 1791, na kule juu kuna gari la kukokotwa na farasi wanne. Napoleon alipoipiga Berlin mwaka 1806 aliibeba hiyo sanamu akaipeleka Paris. Mwaka 1814, baada ya yeye kushindwa, ikarudishwa na kupandishwa tena juu. Mwongozaji wetu aliisimulia kwa furaha kabisa, na mimi nilikuwa najisemea kimoyomoyo: kumbe mali iliyobebwa vitani huwa inarudishika. Weka hilo pembeni, nitalirudia.

Kuna sehemu tairi linagonga mawe, mistari miwili iliyopangwa sambamba katikati ya lami. Hapo ndipo Ukuta wa Berlin ulipopita. Unaukata kwa sekunde moja, toka Magharibi kwenda Mashariki, wakati kati ya 1961 na 1989 watu walipigwa risasi kwa kujaribu safari hiyo hiyo. Kwenye gari hata husikii. Mbele kidogo kuna mawe ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na utawala wa Hitler, nguzo 2,711 za zege za kijivu, zingine fupi kama benchi, zingine zinakuzidi kimo ukiingia katikati. Pale msicheke na msipande juu kupiga picha, mastaa wa nchi nyingi wameshaumbuka kwa hilo. Halafu mnapelekwa kwenye maegesho ya magari ya kawaida, yamezungukwa na nyumba za watu, mbwa anakojoa, na mnaambiwa chini yake ndiko Hitler alikojimalizia. Kuna ubao wa maelezo tu. Hakuna sanamu, hakuna kaburi, wakaamua asije akapata mahali pa kuabudiwa. Nilipapenda mahali pale kuliko lango lenyewe.

Sasa hapo kwenye maegesho ndipo kesi yangu na dada inapoanzia.

Ukitoka hapo, ukipiga pedali chache tu, unaingia barabara inaitwa Wilhelmstrasse. Kwenye video yake yumo. Kikundi kinakata kona, yeye anaiachia mikono baiskeli, anapunga kwa kamera, muziki umewekwa juu. Hapo hapo alipopunga mkono ndipo ilipokuwa ofisi ya Bismarck. Humo, kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikaa wakapangiana masharti ya kujigawia Afrika, na mezani hakukuwa na Mwafrika hata wa dawa. Kesho yake, Februari 27, Kaizari akasaini hati ya kumkingia kifua Carl Peters na kampuni yake kwa ardhi ya Usagara, Uzigua, Unguru na Ukami. Yaani Morogoro yenu hiyo. Jengo halipo tena, zimejengwa fleti, ila kuna ubao wa kumbukumbu pembeni ya njia. Ziara nyingi hazisimami hapo, kwa sababu mtalii wa kutoka Texas au Australia hana shida napo. Ukimwomba mwongozaji anasimama, ni dakika tano. Ila lazima uombe, na uombe ukiwa unajua.

Mtaniambia mtu kaenda kupumzika, siyo darasa la historia la kidato cha pili. Sawa. Basi tuache siasa, tuongee filamu, ambayo ndiyo kazi yake.

Mnajua kwamba mtoto wa Dar es Salaam alicheza filamu Berlin miaka tisini iliyopita? Aliitwa Bayume Mohamed Husen, kazaliwa Dar mwaka 1904, baba yake askari wa jeshi la Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, na yeye akaingia jeshini akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai malipo ya vita, yake na ya baba yake. Wakamnyima. Akabaki huko huko: akawa mhudumu kwenye jumba kubwa la starehe la Haus Vaterland pale Potsdamer Platz, akawa anasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, na akawa anaigiza. Zaidi ya filamu 20 alionekana. Nafasi zenyewe mnaweza kuzikisia, mtumishi, mbeba mizigo, askari mtiifu, maana ndizo walizompa Mwafrika. Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa filamu ya mwaka 1941 iliyotengenezwa kumsifu, hebu kisieni nani, Carl Peters yule yule.

Mwaka huo huo wa 1941 akakamatwa. Kosa lake lilikuwa uhusiano na mwanamke mzungu, ambao utawala wa Hitler ulisema ni kuchafua damu. Hakufikishwa mahakamani, alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, nje kidogo ya Berlin kwa upande wa kaskazini, na akafia huko Novemba 24, 1944.

Mwaka 2007 wakamwekea jiwe mbele ya nyumba aliyokuwa anaishi, mtaa wa Brunnenstrasse. Ni kile kijiwe cha shaba kinachopachikwa chini, kwenye njia ya waenda kwa miguu, ukubwa wake kama kiganja cha mkono. Jina lake limeandikwa pale. Siyo mbali na Alexanderplatz, penye ule mnara wa televisheni wa mita 368 ambao kila anayefika Berlin lazima aupige picha. Dada na mnara kapiga, picha nne.

Hapa ndipo ninapoitetea baiskeli kuliko nilivyomtetea mwenye baiskeli. Kijiwe cha namna hiyo hukioni kwenye gari jeusi. Kwenye basi la ghorofa la watalii ndiyo kabisa. Kwa miguu utakiona, lakini mpaka utoke lango, upite Wilhelmstrasse, ufike Brunnenstrasse, miguu itakuwa imeomba poo. Baiskeli ina mwendo wa kukufikisha, na haina gharama ya kusimama. Unaweka mguu chini, umefika.

Na ukishachangamka, nenda Invalidenstrasse kwenye jumba la makumbusho ya viumbe. Utakutana na mjusi wetu wa Tendaguru, Lindi, kasimama mita 13.27 toka chini hadi kichwani. Wabunge wetu wamemsema mara nyingi, kila mtu amemsikia, ila wangapi wetu tumesimama chini yake? Alichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji kuwamaliza watu wa kusini. Wachimbaji walikuwa vijana wa huko, mnyapara wao mkuu akiitwa Boheti bin Amrani, na mifupa ilibebwa vichwani safari ya siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Kama farasi wa Napoleon walirudi baada ya miaka minane, huyu wetu ameshapitisha miaka zaidi ya mia moja. Sisemi arudishwe kesho kwa ndege, yapo mabishano ya watu wenye akili pande zote mbili. Nasema staa mwenye wafuasi milioni akisimama pale dakika moja na simu yake, mjadala unaruka toka bungeni unaingia saluni.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote kwa mastaa. Mwalimu wa historia anaongea na watoto arobaini, wanane wamelala. Wewe unaposti ukiwa kitandani, watu laki tatu wanaona kabla hujaamka. Nguvu hiyo unaitumia kutuonyesha kikapu cha baiskeli?

Wenzetu wanaoishi kule hawajalala. Wao pamoja na Wajerumani wenye moyo wamepiga kelele miaka na miaka kuhusu majina ya mitaa. Wilaya ya Neukölln kulikuwa na mtaa wa Wissmann, yule kamanda aliyewaponda watu wa pwani waliosimama na Abushiri. Sanamu yake ilikuwepo hadi hapa Dar, pale ilipo Sanamu ya Askari leo. Tangu 2021 mtaa ule unaitwa Lucy Lameck, mama yetu wa Moshi, mmoja wa wanawake wa mwanzo kabisa kuingia serikalini baada ya uhuru. Kule Wedding, kwenye mitaa yenye majina kama Tanga, Usambara na Zanzibar, barabara ya Peters iligawanywa mwaka 2024 na kipande kimoja kikaitwa Maji-Maji-Allee. Hii ilikuwa hata mwaka haujaisha tangu Rais Steinmeier aende Songea kuomba msamaha. Hebu fikiria picha ya staa wa Kibongo, na raba zake nyeupe hizo hizo, kaegesha baiskeli chini ya kibao cha Lucy Lameck. Hata wale wa gunia la mkaa wangekosa cha kuongeza.

Kwa mnaopanga kwenda, na najua ratiba za mapromota zimeshaanza kuzunguka: ziara ya kawaida haifiki Wedding wala Neukölln, ni mbali na katikati. Fanya ile ya kuongozwa siku ya kwanza ili uuzoee mji na ujue kupita kulia, halafu siku ya pili kodi baiskeli yako mwenyewe na uende na Mtanzania anayeishi kule. Kabla ya kutoka dukani jaribu breki. Baiskeli nyingi za kule zina breki ya kurudisha pedali nyuma, na mtu aliyezoea kuchezesha pedali kinyumenyume akisubiri taa atasimama ghafla katikati ya Wajerumani, na Wajerumani hawapendi.