Kidonge Kikibadilika, Mgonjwa Aambiwe

Mfanyakazi mwenye shinikizo la damu, au kifafa, au ugonjwa wa tezi ya shingo, huenda kliniki kila mwezi kuchukua dawa zake. Mwezi huu hupewa vidonge vyeupe vya mviringo. Mwezi ujao hupewa vya manjano, katika boksi jingine lenye jina jingine. Akiuliza dirishani hujibiwa kwa maneno mawili: "Ni ile ile." Akirudi baada ya wiki mbili na kueleza kwamba kichwa chamzunguka, au usingizi umempotea, au kifafa kilichokuwa kimetulia kimeanza tena, hujibiwa maneno yale yale. Jawabu hilo mara nyingi ni la kweli. Lakini si la kweli siku zote, na hata pale lilipo la kweli halitoshi.

Twapenda leo kulieleza jambo hili waziwazi, kwa sababu lawagusa wananchi wengi wanaoishi kwa kutegemea dawa ya kila siku, na kwa sababu ni jambo ambalo ni rahisi mno kulieleza vibaya.

Hapana budi tuanze na lile linalostahili kusemwa kwanza. Dawa zinazouzwa kwa jina la asili, yaani zile ambazo viwanda vingine huzitengeneza kwa kiini kile kile cha dawa ya mvumbuzi, ni ngao ya mtu wa kipato kidogo. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwa zikigharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba iko tayari kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka. Bila ya ushindani huo ingekuwa vigumu mno kwa Tanzania kuanza, mwaka 2004, kuwagawia wagonjwa wake dawa hizo bila ya malipo. Kwa hiyo mtu ye yote atakayeyasoma maneno yetu akadhani kwamba twawaambia wananchi wazikimbie dawa za bei nafuu, basi hakutuelewa.

Sasa tuulize: neno "ile ile" maana yake nini? Kidonge kina sehemu mbili. Iko sehemu iliyo dawa yenyewe, nayo ndiyo iliyoandikwa katika cheti cha daktari. Iko na sehemu nyingine ya unga wa kujazia, gundi ya kushikizia, rangi, na ganda la nje. Dawa ya kiwanda cha pili lazima iwe na sehemu ile ya kwanza kwa kiasi kile kile. Hiyo sehemu ya pili yaweza kutofautiana.

Kabla ya kuruhusiwa, dawa hiyo hujaribiwa kwa kawaida katika miili ya watu wenye afya ili ionekane kama inaingia katika damu sawasawa na ile ya mvumbuzi. Mipaka inayokubaliwa na mamlaka nyingi duniani ni kati ya asilimia 80 na 125. Wako wanaoisikia hesabu hii wakadhani kwamba kidonge chaweza kuwa na dawa pungufu kwa asilimia 20. Sivyo. Mipaka hiyo ni ya matokeo ya vipimo vya damu pamoja na shaka yote iliyomo katika kupima. Si ya kiasi cha dawa kilichomo kidongeni. Wakaguzi wa Marekani walipopitia majaribio 2,070 yaliyoletwa kwao kati ya mwaka 1996 na 2007, waliona kwamba tofauti ya wastani baina ya dawa za namna mbili hizo ilikuwa karibu asilimia 4 tu.

Hata hivyo liko jambo ambalo mgonjwa haelezwi. Kila dawa ya jina la asili hulinganishwa na ile ya mvumbuzi. Dawa za viwanda vingine viwili kwa kawaida hazilinganishwi zenyewe kwa zenyewe. Kwa maradhi mengi tofauti hiyo ndogo haidhuru. Lakini ziko dawa ambazo nafasi iliyopo kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru ni nyembamba. Miongoni mwao ni fenitoini ya kifafa, warfarini ya kuzuia damu isigande, levothairoksini ya tezi, na baadhi ya dawa za watu waliopandikizwa figo. Ndiyo sababu mamlaka ya dawa ya Ulaya, kwa dawa za namna hii, huibana ile mipaka iwe kati ya asilimia 90 na 111.

Mambo haya si ya kubuni. Mwaka 1968, nchini Australia, wagonjwa wa kifafa katika mji wa Brisbane walianza kupatwa na dalili za sumu ya fenitoini. Kipimo chao hakikuwa kimeongezwa. Kilichobadilika ni unga wa kujazia kapsuli: mahali pa salfeti ya kalsiamu palikuwa pamewekwa laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa. Unga ule wa zamani ulikuwa ukizuia sehemu ya dawa isiingie katika damu. Ulipoondolewa, dawa nyingi zaidi ikaingia, na kipimo cha siku zote kikawa kikubwa kupita kiasi.

Huko Marekani, Desemba 2006, iliruhusiwa dawa ya sonona iitwayo Budeprion XL ya miligramu 300, itumike badala ya Wellbutrin XL. Mwaka uliofuata wagonjwa wakaanza kulalamika kwamba wanaumwa kichwa, hawalali, na huzuni yao imerudi. Mwaka 2008 mamlaka ya nchi hiyo ikawajibu kwamba dawa hizo ni sawa. Kumbe kidonge cha miligramu 300 hakikuwa kimejaribiwa chenyewe. Kilichojaribiwa ni cha miligramu 150, na matokeo yake yakachukuliwa kuwa yatosha kwa vyote viwili. Mamlaka ilipofanya jaribio lake yenyewe iliona kwamba dawa haikuwa sawa, na Oktoba 2012 ikatangaza hivyo, ikaondolewa sokoni. Wagonjwa walikuwa wamesema kweli kwa miaka mitano. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti.

Lakini haki yadai tuutazame na upande wa pili. Si kila maumivu yanayokuja baada ya kubadilishiwa dawa yameletwa na dawa. Maradhi yenyewe hupanda na kushuka. Tena imethibitika katika majaribio mengi kwamba mtu aliyetiwa hofu juu ya kidonge aweza kuumwa kweli kweli hata kama kidonge hicho hakina dawa yo yote ndani yake. Mtu huyo si mwongo wala hajisingizii. Mwili husikiliza hofu. Na hofu hukua vizuri zaidi mahali ambapo hapana maelezo.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni Ufaransa. Machi 2017 kampuni ya Merck ilibadilisha mchanganyiko wa dawa yake ya tezi, Levothyrox, ambayo ilitumiwa na watu wapatao milioni 3. Laktosi iliondolewa, ikawekwa manitoli na asidi ya sitriki, na nia ilikuwa njema: dawa isipungue nguvu upesi ikikaa. Lakini wagonjwa wengi hawakuelezwa ipasavyo. Maelfu wakalalamika juu ya uchovu, kizunguzungu, kuumwa kichwa na kukatika nywele. Oktoba mwaka ule ule serikali ikalazimika kurudisha dawa ya mchanganyiko wa zamani kutoka nje. Uchunguzi wa wataalamu wa serikali uliotolewa mwaka 2019 haukuona kwamba dawa mpya iliongeza maradhi makubwa. Hata hivyo, Juni 2020 mahakama ya rufani ya Lyon iliiamuru kampuni hiyo ilipe euro 1,000 kwa kila mmoja wa walalamikaji zaidi ya 3,300, na mwaka 2022 mahakama ya juu ikaikubali hukumu hiyo. Kosa lililohukumiwa halikuwa kutengeneza sumu. Lilikuwa kutowaambia watu.

Hapo ndipo lilipo shauri letu. Ikiwa tofauti ya vidonge ni ya kweli, mgonjwa aliyeelezwa ataitambua mapema na daktari ataweza kupima damu yake. Ikiwa tofauti ni ya hofu tu, mgonjwa aliyeelezwa hataogopa. Kwa vyo vyote vile maelezo ni dawa, na ukimya ni madhara.

Nchini mwetu dawa nyingi za hospitali za umma hununuliwa na Bohari ya Dawa kwa zabuni, na zabuni hushinda kiwanda hiki leo na kile kesho. Hatuwezi kuulaumu utaratibu huo, maana ndio unaoshusha bei. Lakini twaona kwamba kwa zile dawa chache zenye nafasi nyembamba, yafaa mikataba iwe ya muda mrefu zaidi, na kiwanda kikibadilika hospitali zipate habari kabla ya maboksi kufika.

Wafamasia na wauguzi, kwao twaomba jambo dogo lisilogharimu fedha. Dawa ikibadilika sura, mgonjwa aambiwe kabla hajauliza: kwamba kiini ni kile kile, kipimo ni kile kile, kiwanda ni kingine, na kwamba akiona jambo lisilo la kawaida arudi. Na akirudi asifukuzwe kwa maneno mawili. Malalamiko yake yaandikwe pamoja na jina la kiwanda na namba ya toleo, yapelekwe TMDA. Mamlaka hiyo, ilipokuwa bado ikiitwa TFDA mwaka 2018, ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefika ngazi ya tatu ya udhibiti wa dawa. Lakini mamlaka bora kabisa haiwezi kusikia lililonyamaziwa katika zahanati.

Waajiri nao wasijitenge. Dereva au fundi wa mashine aliyebadilishiwa dawa ya kifafa, akisema hajisikii vizuri, apewe ruhusa ya kurudi kliniki bila ya kukatwa mshahara. Saa chache za kazi ni rahisi kuliko mkono ulionaswa na mashine.

Na nyinyi, ndugu wagonjwa, wajibu wenu ni mkubwa kuliko wa wote. Tunzeni boksi la dawa ya zamani mpaka mmezoea mpya. Andikeni tarehe mliyobadilishiwa. Msichanganye vidonge vya maboksi mawili mkidhani ni dawa mbili mbalimbali, maana kwa njia hiyo mtu humeza kipimo maradufu. Zaidi ya yote, msiache dawa ghafla kwa kuwa mmekichukia kidonge. Huko Mahenge, ambako Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, watu wajua vyema maana ya degedege kumwangusha mtu motoni au majini. Kifafa kilichoachiwa ghafla hurudi na nguvu kubwa, na huweza kuua. Rudini kliniki, mkaulize na kueleza mambo yenu kwa utulivu. Kuuliza si ujinga, wala si kumvunjia daktari heshima.

Dawa nafuu ni mali yetu sote, na hatutaki ipotewe na imani ya watu. Imani hiyo hulindwa kwa kuwaambia watu kweli, dirishani pale pale, kabla hawajaondoka na boksi lao.