Desemba Hii, Wapelekeni Kaloleni

Ikifika Novemba, wanajumuiya wetu huku ugenini huanza kuulizana: unaenda nyumbani lini, tiketi umepata kwa pesa ngapi, na watoto wakifika Nairobi watapelekwa wapi? Swali hili la mwisho jibu lake halibadiliki. Twiga wa Lang'ata, nyumba ya Karen Blixen, maduka ya Westlands, kisha mashambani kwa nyanya. Mzazi aliyezaliwa Bahati au Jericho humpitisha mwanawe Jogoo Road vioo vya gari vikiwa juu, akamwonyesha kwa kidole, "Nilikulia pale," na gari likaendelea.

Majumba ya makumbusho ya Nairobi yanafaa kutembelewa, tena sana. Mimi ningeanza na lile la reli, lililofunguliwa mwaka 1971, kwa kuwa mji wenyewe ulizaliwa na reli mwaka 1899. Humo limo behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall huko Kima mwaka 1900, na watoto hawachoki kulizunguka. Si mbali na hapo ipo bustani ya kuwakumbuka watu 213 waliouawa Nairobi katika shambulio la Agosti 7, 1998. Panda na Moi Avenue hadi Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, ukaone kazi za sanaa alizozikusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966.

Ila ukiishia hapo hujaiona Nairobi ya wazazi wetu. Hiyo iko Eastlands, na sehemu yake kubwa imehifadhiwa katika majina ambayo makanga huyaita kila asubuhi. Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliochukuliwa, wengi kwa nguvu, kulibebea mizigo jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu yao walikufa, hasa kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina hilo hilo. Shauri Moyo ndiko walikohamishiwa watu wa kijiji cha Pangani, kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Mbotela na Ofafa ni majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, viongozi waliouawa mjini Nairobi, mmoja mwaka 1952 na mwingine 1953. Na Aprili 24, 1954, wanajeshi wa Uingereza waliizingira mitaa ya Waafrika, wakaingia nyumba kwa nyumba, na wanaume zaidi ya 20,000 wakaishia kizuizini.

Pa kukaa zaidi ni Kaloleni. Nyumba zake za mawe, zilizoezekwa vigae, zilijengwa miaka ya 1940 kwa mikono ya wafungwa wa kivita wa Kiitaliano. Katikati upo ukumbi wa mikutano. Jengo lenyewe si la kuvutia macho. Ukipita haraka utadhani ni ukumbi wa harusi tu. Hapo ndipo Aprili 23, 1950, Makhan Singh, Singasinga aliyekuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliposimama mbele ya umati akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, tena mara moja. Mwezi uliofuata alikamatwa pamoja na Fred Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Singh hakuachiliwa hadi mwaka 1961. Mtoto anayeambiwa shuleni huku ugenini kwamba uhuru wetu tulipewa, mwacheni asimame ndani ya ukumbi ule.

Mitaa hiyo sasa inabadilika. Nyumba za zamani za kaunti huko Pangani zimebomolewa na magorofa yamesimama mahali pake, na mitaa mingine ya umri huo iko kwenye mipango. Siwezi kumwambia mtu aendelee kukaa katika chumba kimoja kinachovuja ili mimi nije likizo kupiga picha. Watu wapate nyumba. Lakini ukumbi wa Kaloleni ubaki, na kumbukumbu za waliokaa mitaani humo zikusanywe kabla matingatinga hayajafika.

Kazi hiyo ni yetu pia. Babu yangu aliacha kipande chake, kile cheti ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho, kikiwa kwenye kijaluba cha bati chenye kamba ya kuvaa shingoni. Bati limeingia kutu pembeni, na kamba imekuwa nyeusi kwa jasho. Miaka mingi kilikaa ndani ya kopo la majani ya chai, na tulikaribia kukitupa.

Basi ndugu zangu, mkifika nyumbani, fungueni masanduku ya wazee. Pigeni picha kadi za kodi, vitambulisho vya kazini na picha za harusi. Mketisheni mama, rekodini sauti yake akieleza alivyofika Makongeni au Maringo, na nani alimpokea. Kisha mtuletee nakala. Katika toleo letu la Februari tumeziachia nakala hizo kurasa.