Ati Ulienda Base Camp Solo? Na Gesi Ilibebwa na Nani?

Wacha niseme hii kitu halafu mnitukane baadaye. Hakuna mtu amewahi kufika Everest Base Camp peke yake. Hakuna. Si yule mzungu wa begi kubwa unayemfuata, si Mkenya mwenzetu aliyerudi na picha ya bendera.

Video tumeiona sote. Jamaa anashuka ndege Lukla, mita kama 2,860 juu, kile kiwanja kifupi kilichoinama hadi unaogopa ukiwa kwa kochi. Anatembea wiki moja na kitu: Namche, Tengboche, Dingboche, Lobuche, Gorak Shep. Anafika base camp, mita 5,364, mahali ukivuta pumzi unapata kama nusu ya oksijeni unayopata ukiwa Mombasa. Analia kidogo, muziki unaingia. Chini ameandika: solo, bajeti ndogo, hakuna kisichowezekana.

Heko kwa miguu, kweli. Hiyo safari si mchezo. Lakini tuongee.

Kutoka Lukla kwenda juu hakuna barabara ya gari. Hata bodaboda haifiki. Kwa hivyo kila kitu unachokiona kwenye zile loji, kuanzia mtungi wa gesi, mchele, noodles, bia, mabati, mbao za ukuta, hadi hiyo choo ya kukaa uliyoisifu, kuna mtu au mnyama alikipandisha. Vingine huletwa na helikopta, vingine na nyumbu na yak. Na vingi, manze, vimepanda kwa mgongo wa binadamu.

Huyo binadamu habebi kwa mabega. Ana kapu linaloitwa doko, na kamba pana, namlo, inayopita juu ya kichwa. Kama umewahi kuona shosho kule Nyeri akitoka kutafuta kuni na mukwa umemkaa kichwani, hiyo picha unaijua. Sasa mpe hiyo kamba kijana wa rika lako, muongezee mitungi, mpandishe mita elfu nne akiwa na raba zimeisha soli.

Mwaka wa 2005 jarida la Science lilichapisha vipimo vya wapagazi waliokuwa wakipeleka bidhaa soko la Namche. Wanaume, kwa wastani, walibeba asilimia 93 ya uzito wao wenyewe. Niliacha chuo lakini hii hesabu naiweza: ukiwa na kilo 60, unabeba karibu kilo 56. Mfuko wa simiti, halafu unga pakiti tatu juu yake. Na huo ni wastani, kumaanisha kuna wasee walikuwa wamebeba zaidi ya miili yao.

Halafu wewe unafika Lobuche, unaona sahani ya wali na dengu imekuwa ghali kuliko Lukla, unaanza kulia ati watalii wanaibiwa. Unabargain kama uko Gikomba. Unatoa video ya mbinu kumi za kulipa kidogo. Buda, bei ilipanda kwa sababu mchele ulipanda. Ulitaka nani alipe hiyo tofauti?

Najua kuna mmoja hapo anasema, "Lakini mimi nilibeba begi langu mwenyewe." Poa. Ulibeba nguo, chaja na kamera. Chai ya jioni, moto wa kuipika na blanketi ulilojifunika, hivyo havikuwa kwa begi lako.

Kitu ingine inaniudhi ni hii ya kuita kila mpagazi "sherpa". Sherpa ni kabila, si kazi. Wapagazi wengi wa njia hii ni Warai, Watamang na wengine kutoka mabonde ya chini. Ugonjwa wa mwinuko unawashika kama unavyokushika wewe. Hawajazaliwa na mapafu ya chuma. Ila wewe ukianza kutapika Gorak Shep una bima na helikopta inakuja. Yeye mara nyingi anateremshwa mlima na marafiki zake, kama wako.

Hii story ya kufuta watu ni ya zamani. Msafara wa 1953, ule wa Hillary na Tenzing Norgay, ulikuwa na wapagazi 362. Taja jina la mmoja. Aprili 18, 2014, theluji ilianguka juu kidogo ya base camp ikaua Wanepali 16 waliokuwa kazini. Serikali ikaanza kwa kuahidi familia rupia 40,000 kila moja, kama dola 400 hivi. Wafanyakazi wakakataa kurudi mlimani msimu huo, na kuna wageni walinung'unika ati likizo yao imeharibika.

Na sisi pia tujiangalie. Mei 2024 Cheruiyot Kirui alipofia Everest, Kenya nzima ilimlilia, na alistahili. Alikuwa na mwenzake Mnepali, Nawang Sherpa, ambaye hakurudi pia. Ni wangapi kati yetu waliandika majina mawili?

Sisemi msiende. Mkikosa kwenda, huyo kijana anakosa kazi kabisa, na hiyo si haki pia. Nasema ukienda, lipa bei ya chakula bila kelele. Ukikodi mpagazi, siku yake mara nyingi ni kama dola 20, na wengi wanajilipia chakula na malazi kutoka hapo hapo. Kwa hivyo kampuni ikikupa bei ya chini kuliko wote, kuna jaketi ya mtu imekatwa hapo. Uliza: anabeba kilo ngapi, ana bima, analala wapi usiku, akigonjeka nani anamshusha? Wakizungusha maneno, tafuta wengine.

Na si lazima ufike Nepal. Najua kuna magrupu yanapanga Point Lenana Desemba, na bei inashushwa hadi inachekesha. Kabla ya kutuma deposit, uliza hayo maswali manne hapa hapa nyumbani. Halafu jina la mpagazi wako liandike kwa post, akikubali, juu kabisa, mahali ulikuwa uandike "solo".