Picha ya bibi ikigoma kukuzwa, mtafute aliyeipiga

Familia nyingi hugundua ubovu wa picha zao siku mbaya kuliko zote, siku ya msiba. Mwili unasubiriwa Butiama, kamati imeshakaa, na mtu mmoja amepewa kazi ya kutafuta picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza. Anaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, anapata moja nzuri, bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki anacheka. Anaipeleka kwa kijana wa steshenari pale Kitaji. Kijana anaifungua kwenye kompyuta, anaivuta, na uso wa bibi unageuka vijiboksi. Maongezi yanayofuata huwa hayatofautiani sana:

"Shikamoo mama. Hii picha ukiitaka A3 haitatoka vizuri."

"Marahaba mwanangu. Mbona kwenye simu inaonekana safi kabisa?"

"Kwenye simu ni ndogo, mama. Nani aliipiga? Tumpigie huyo."

Swali hilo la mwisho ndilo lenye dawa. Picha iliyoko kwenye kundi si picha aliyoipiga mjukuu. Ni nakala yake iliyopunguzwa, na iliyo kamili bado inaweza kuwa kwenye simu ya mjukuu huyo huko Bunda, Mwanza au Dar es Salaam, kama hajaifuta.

Simu nyingi za sasa hupiga picha ya pikseli milioni 12 hivi, yaani nukta 4,000 upande mrefu na 3,000 upande mfupi. Faili lake linaweza kufika MB 3 au 4. Ukiituma kwa njia ya kawaida, WhatsApp huipunguza kwanza kabla haijaondoka kwenye simu yako, ili isile bando na ifike upesi. Upande mrefu hushuka hadi pikseli 1,600 hivi. Pikseli milioni 12 zimebaki chini ya milioni 2, na faili la MB 4 limekuwa la KB mia kadhaa. Kwenye kioo cha simu hutaona tofauti, kwa sababu kioo chenyewe ni kidogo. Tofauti huonekana siku ya kusafisha.

Mafundi wa picha hupenda nukta 300 kwa kila inchi ya karatasi. Picha ya inchi 4 kwa 6, ile ya albamu, inahitaji pikseli 1,800 upande mrefu, kwa hiyo nakala ya WhatsApp yenye 1,600 inatosha karibu kabisa. Hapo hakuna haja ya kugombana na mtu. Karatasi ya A3 ina upande wa inchi 16 na nusu. Gawanya 1,600 kwa hizo, unapata nukta 97 kwa inchi. Mtu aliyesimama mwisho wa turubai hataona kasoro, lakini watoto wa marehemu waliokaa mbele wataiona. Picha kamili ya pikseli 4,000 kwenye karatasi hiyohiyo ingetoa nukta 242, na hiyo ni picha ya heshima.

Kuna nakala mbaya zaidi ya hiyo. Wengine huchukua picha ya wasifu, ile ya duara ndogo kwenye namba ya mtu, ambayo huhifadhiwa kwa pikseli mia chache tu. Wengine huifungua picha kwenye kioo na kupiga skrinishoti. Skrinishoti haipati picha, inapata kioo: kama kioo cha simu yako kina upana wa pikseli 720, basi hizo ndizo utakazopata, hata kama picha ya nyuma yake ilikuwa na 4,000. Kwa picha ya mtu aliyefariki, skrinishoti iwe ya mwisho kabisa kufikiriwa, baada ya ndugu wote kuulizwa.

Kuna jambo ambalo wengi hulielewa vibaya. Ukiisambaza picha kwa ule mshale wa WhatsApp, kutoka kundi moja kwenda jingine, haiharibiki zaidi, kwa sababu ni faili lilelile linalohamishwa. Inayoharibu ni safari ya kuihifadhi kwenye simu, kuipunguza kingo, kuiandika maneno ya "Pumzika kwa amani", kisha kuituma upya. Kila ikihifadhiwa na kutumwa hivyo, hubanwa tena. Ubanaji wa picha za JPEG hufanya kazi kwa kuigawa picha katika vijiboksi vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa undani ambao jicho haliutegemei sana. Ikibanwa mara moja huoni kitu. Ikibanwa mara nyingi, vijiboksi vyenyewe vinaanza kuonekana, na hujitokeza kwanza angani, kwenye maji na kwenye ngozi ya uso. Maua ya kitenge nayo huchafuka kingo zake.

Ukishampata aliyepiga, mweleze namna ya kutuma. WhatsApp iliongeza alama ya HD mwaka 2023. Unaichagua picha, unagusa HD juu ya kioo, unachagua ubora wa juu, ndipo unatuma. Itafika bora kuliko ya kawaida, ingawa si kamili. Ikitakiwa ileile bila kuguswa, atume kama waraka: badala ya kuingia sehemu ya picha, aingie sehemu ya kutumia nyaraka, aitafute picha humo na kuituma kama ambavyo angetuma barua ya PDF. Hapo hakuna kinachopunguzwa. Barua pepe nayo huifikisha kama ilivyo, mradi imeambatishwa kama faili na simu isiombwe kuipunguza.

Waraka una gharama zake. Picha 20 za MB 4 ni MB 80, na si kila mzazi ana bando la kuchezea. Kwa hiyo picha za sikukuu na za mtoto kamaliza uji ziende kwa njia ya kawaida tu, hazina haja ya makuu. Zile chache ambazo familia itazitaka baada ya miaka 20, yaani babu na bibi, harusi, ubatizo au maulidi, mahafali, ndizo za kutumwa kamili. Na kama watu wako nyumba moja, bando halihitajiki kabisa. Bluetooth huhamisha picha bila kuipunguza, na simu za Android zina njia ya haraka zaidi ya kutumiana faili mkiwa karibu. Mgeni anayerudi Bunda jioni anaweza kuondoka na picha zote za sherehe kwenye memori kadi au flashi.

Wakubwa watakumbuka kwamba zamani tatizo lilikuwa kinyume chake. Muhidin Issa Michuzi alipoanzisha blogu yake ya picha mwaka 2005, intaneti ya nchi ilitegemea setilaiti, na kebo ya kwanza ya chini ya bahari, SEACOM, ilifika Dar es Salaam mwaka 2009. Aliyetaka picha yake ionekane mtandaoni alilazimika kuipunguza mwenyewe, la sivyo msomaji wa intaneti kafe angekunywa chai akisubiri ifunguke. Lakini aliipunguza kwa hiari, akijua nakala kubwa iko wapi. Leo simu inapunguza kimyakimya, na watu wanafuta nakala kubwa ili wapate nafasi wakidhani "ipo kwenye grupu".

Facebook na Instagram nazo hupunguza. Instagram kwa kawaida huonyesha picha kwa upana wa pikseli 1,080, na Facebook huishia pikseli 2,048. Nakala uliyoipakua huko si ya kutegemea kwa kukuza. Huduma za kuhifadhi picha mtandaoni pia zina mpangilio wake: Google Photos, ambayo tangu Juni 2021 huhesabu picha zote mpya ndani ya GB 15 za bure, ina chaguo la kuhifadhi picha kama ilivyo na chaguo la kuibana ili kuokoa nafasi. Inafaa kufungua mipangilio mara moja na kuangalia simu yako iko upande upi.

Si kila picha mbovu ni kosa la mtandao. Nyingine zilizaliwa mbovu, na kwa Musoma sababu zake zinaeleweka. Simu iliyoshikwa na mkono uliotoka kugeuza dagaa au kukatakata sangara ina mafuta kwenye lenzi, na mafuta hayo ndiyo yanayoweka ukungu na mistari ya mwanga kwenye kila picha. Kitambaa laini cha pamba na pumzi kidogo vinatosha. Pindo la gauni lenye vumbi la barabarani halifai, linakwaruza.

Halafu kuna picha za ufukweni. Mji huu uko upande wa mashariki wa ziwa, kwa hiyo jioni jua huzama majini, na kila mtu anataka kupigwa ziwa likiwa nyuma yake. Kamera inapima mwanga wa jua, inaupunguza, na watoto wanatoka weusi kama vivuli huku maji yakipendeza. Gusa uso wa mtoto kwenye kioo kabla ya kupiga, simu itapima mwanga hapo. Au zunguka, jua liwe upande wa mpigaji, na ziwa liachwe kwa picha nyingine. Ndani ya nyumba yenye taa moja, mlete bibi karibu na mlango au dirisha badala ya kuwasha flashi. Na usivute picha kwa vidole ukiwa mbali. Katika simu nyingi za bei ya kawaida, kuvuta huko si kukaribia, ni kukata kipande cha katikati na kukitanua. Sogea kwa miguu.

Siku hizi vijana watakuambia ipo programu ya kusafisha picha kwa akili bandia, inarudisha kila kitu. Kwa picha ya mlima, sawa. Kwa uso wa mtu, tahadhari. Programu hiyo haioni kilichopotea, inakisia kutokana na nyuso nyingine ilizofundishwa. Bibi aliyekuwa na pengo anarudi na meno kamili, mikunjo inafutika, macho yanakuwa ya mtu mwingine anayefanana naye. Wanawe wataitazama picha hiyo mbele ya jeneza na kushindwa kusema nini hakiko sawa. Picha yenye ukungu kidogo lakini ya bibi mwenyewe ni bora, tena ikisafishwa ndogo, A5 badala ya A3, ukungu wenyewe hupungua.

Mara nyingine picha bora ya marehemu haiko kwenye simu yoyote. Iko kwenye bahasha chini ya godoro, imepigwa studio miaka mingi iliyopita kwa filamu. Atakayetembelea makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama ataona picha za kale za karatasi ambazo bado zinasomeka uso kwa uso, na hazijawahi kuhitaji bando. Picha ndogo ya studio iliyopigwa vizuri inaweza kuishinda ya simu, mradi inakiliwe sawasawa.

Kosa la kawaida ni kuipiga kwa simu ikiwa ndani ya fremu, chini ya taa. Kioo cha fremu kinarudisha mwanga na kivuli cha mpigaji. Itoe kwenye fremu taratibu, na kama imegandana na kioo usiivute, iache. Iweke kwenye meza kibarazani, kivulini, mchana, bila flashi. Shika simu juu yake ikiwa imelala sambamba na meza, ili pande za picha zisiegemee. Njia bora zaidi ni skana ya steshenari, lakini mwambie kijana unachotaka, kwa sababu nyingi zimewekwa kwa ajili ya vyeti. Picha ya inchi 4 kwa 6 ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi hutoa pikseli 2,400 kwa 3,600, inayotosha kukuzwa. Ya pasipoti saizi iombewe nukta 1,200. Ondoka na faili kwenye flashi, usikubali atume WhatsApp ya kawaida, maana hapo mtakuwa mmerudi mlikotoka.

Negativu zikipatikana, zisitupwe. Zishikwe pembeni, zisiguswe usoni kwa vidole, zihifadhiwe pakavu.

Jambo moja kwa wenye watoto wadogo. Picha inayotumwa kama waraka hubeba taarifa zote zilizomo ndani ya faili, na kama simu imeruhusiwa kurekodi mahali, basi na mahali ilipopigwa. Njia ya kawaida ya WhatsApp huziondoa taarifa hizo. Kwa hiyo picha ya mtoto akiwa mlangoni kwenu, itume kama waraka kwa shangazi na bibi. Kwa kundi la watu 200 ambao nusu yao huwafahamu, ile nakala iliyopunguzwa inatosha, au zima kwanza ruhusa ya mahali kwenye mipangilio ya kamera.

Faili kamili likishapatikana, lipewe jina linaloeleweka, jina la bibi, mahali na mwaka, badala ya zile namba za kamera. Na liwekwe sehemu mbili: moja kwenye simu ya anayeishi nyumbani, nyingine kwenye flashi kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa.