Umeitazama Hadithi, Sasa Isome

Ndugu zangu wa Meru na Embu, wazazi, walimu na vijana mlio masomoni, nina neno la kuwaambia kuhusu mapenzi. Nasema juu ya mapenzi tunayoyatazama kwenye runinga jioni baada ya jioni, yale yaliyotolewa katika riwaya mashuhuri, ambayo wengi wetu tumeyaona kwa macho na wachache mno wameyasoma. Kuitazama hadithi ya mapenzi bila kuisoma ni kupokea matokeo bila sababu. Kijana aliyefunzwa matokeo tu ataingia katika ndoa bila kujua watu hupendana kwa nini, hukosana kwa nini, na husameheana vipi.

Tuanze na hali ilivyo. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analogia mwaka 2015, king'amuzi kimeingia hadi katika nyumba ambazo zamani zilikuwa na redio tu. Toka Maua hadi Siakago, kabla ya taarifa ya habari ya saa moja, mama aliyerudi kutoka shambani huketi na binti yake wa kidato cha tatu, wakamtazama msichana maskini akipendwa na mwana wa tajiri. Mimi sioni ubaya hapo. Aliyeshinda shambani ana haki ya kupumzika, na mama na binti kuketi pamoja ni jambo la heri katika siku hizi ambapo kila mtu ameinamia simu yake.

Wala kusikiliza hadithi za mapenzi jioni si jambo geni kwetu. Bibi zetu walizisimulia kando ya moto, na Profesa Ciarunji Chesaina alizikusanya simulizi za Waembu na Wambeere katika kitabu kilichotoka mwaka 1997. Lakini bibi aliweza kukatizwa. Mtoto aliuliza, "Cucu, kwa nini msichana yule alimfuata mgeni asiyemjua?" Bibi akanyamaza kidogo, akajibu, na katika jibu lile ndimo mlimokuwa na mafunzo. Runinga haikatizwi. Tukio likipita limepita, linakuja lingine. Katika vitu tulivyo navyo leo, kinachotuwezesha kusimama, kurudi nyuma na kuuliza ni kitabu.

Nitoe mfano unaojulikana dunia nzima. Mwaka 1813 Mwingereza Jane Austen alichapisha riwaya iitwayo Pride and Prejudice, inayosimulia habari za Elizabeth Bennet na bwana mmoja tajiri na mwenye kiburi aitwaye Darcy. Mwaka 1995 shirika la BBC liliionyesha kwa sehemu 6, mswada ukiwa umeandikwa na Andrew Davies, na Colin Firth akiigiza kama Darcy. Ni kazi nzuri, nami namshauri yeyote aitazame. Lakini mwulize aliyeitazama anakumbuka nini. Atakuambia anamkumbuka Darcy akitoka ziwani, shati limelowa, akakutana na Elizabeth ghafla. Basi tukio hilo la ziwani Austen hakuliandika. Katika kitabu wawili hao wanakutana tu kwenye uwanja wa nyumba ya Darcy, wote nyuso zinawaiva kwa haya, na maneno yanawapotea. Kinachokumbukwa kuliko vyote na watazamaji ndicho kile ambacho mwandishi hakukitia.

Na alichokitia ni kipi? Ni barua. Darcy anamposa Elizabeth kwa majivuno, naye anamkataa waziwazi, akimweleza makosa yake. Kesho yake asubuhi Darcy anampa barua ndefu ya kujieleza. Austen anaiweka yote mbele yetu, kisha anatumia sura nzima kumwonyesha Elizabeth akiisoma. Mara ya kwanza anaisoma kwa hasira, haamini neno, anaikunja na kuapa hataitazama tena. Nusu dakika haijaisha, ameikunjua. Anarudia sehemu kwa sehemu, anapima kila dai, anakumbuka nani alisema nini na lini, na polepole anaona kwamba amemhukumu mtu vibaya kwa sababu alimchukia tangu siku ya kwanza. Anatembea njiani kwa saa 2 akiwaza. Hapo ndipo mapenzi yao yanapoanza, mtu mwenye akili anapokubali kwamba alikosea. Kamera inaweza kutuonyesha uso wa msichana ameshika karatasi. Haiwezi kutupa saa 2 za mawazo yake. Kitabu kinatupa, na anayezisoma saa hizo hujifunza kujihukumu mwenyewe kabla ya kumhukumu mchumba.

Tazameni pia jambo la pili katika riwaya hiyo hiyo, ambalo kwetu ni kubwa zaidi. Mama Bennet ana mabinti 5 na kila siku anapiga kelele kutaka waolewe. Kwenye runinga watu humcheka. Msomaji hacheki kwa muda mrefu, kwa maana kitabu kinarudi tena na tena kwenye sababu. Bwana Bennet hana mwana wa kiume, na kwa masharti ya urithi wa mali ile, siku atakapokufa nyumba na ardhi ya Longbourn vitakwenda kwa jamaa wa kiume aitwaye Collins. Mabinti watatoka mikono mitupu. Rafiki yake Elizabeth, Charlotte, mwenye umri wa miaka 27, anaolewa na Collins huyo bila kumpenda, ili apate mahali pa kukaa.

Je, haya ni ya Uingereza peke yake? Ni nani kati yetu asiyejua boma katika Imenti au Runyenjes ambamo shamba liligawiwa wana, na mabinti wakaambiwa kwamba shamba lao liko kwa mume? Sheria ya Urithi ilianza kutumika Kenya mwaka 1981 bila kumbagua mtoto wa kike, na Katiba ya mwaka 2010 ikakataza ubaguzi huo katika mambo ya ardhi. Hata hivyo wako wasichana wanaoogopa kudai haki yao wasije wakaitwa wakorofi, na wako wanaokimbilia ndoa yoyote kwa hofu ile ile ya Charlotte. Binti anayetazama tu ataona gauni, dansi na farasi. Binti anayesoma atauliza, "Baba, shamba letu limeandikwa kwa jina la nani?" Hilo ni swali zuri, na baba mwema ataketi alijibu.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mapenzi tunayoyaona yakielea kwenye kioo cha runinga yaliundwa na mambo mengi: mali, dini, mila, wazazi, hofu na subira. Runinga hutuonyesha chombo kikiwa majini, kitabu hutupeleka kiwandani.

Tuje nyumbani. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka Mei 2025, alichapisha The River Between mwaka 1965, riwaya iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Njia Panda. Waiyaki, mwalimu kijana wa tuta la Kameno, anampenda Nyambura wa tuta la Makuyu, binti wa mhubiri Joshua. Kati ya matuta hayo mawili unapita mto Honia, na kati ya watu wake umepita ugomvi wa imani na mila. Muthoni, dada yake Nyambura, alitaka kubaki Mkristo na pia atahiriwe awe mwanamke wa kabila lake. Akatahiriwa, kidonda hakikupona, akafa.

Nani atatuambia sisi kwamba hiyo ni hadithi tu? Mwaka 1929 wamisionari wa Chogoria waliwataka waumini waape kuikataa tohara ya wasichana, na wengi wakalihama kanisa. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, ilipitisha marufuku ya tohara hiyo Meru, na wasichana wakaikaidi wakatahiriana wenyewe kwa wembe, hata wakapewa jina la Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Wako akina mama wakongwe walio hai waliozishuhudia siku hizo. Kijana akiisoma riwaya hii kisha akamwendea nyanya yake, atapata mafunzo ambayo hakuna stesheni itakayompa.

Na riwaya hiyo haina harusi. Waiyaki na Nyambura wanakabidhiwa kwa Kiama, baraza la wazee, wahukumiwe, na watu waliompenda mwalimu wao wanatawanyika wakikwepa kutazamana. Mtengenezaji wa vipindi angetamani kuwaozesha ili watazamaji walale na furaha. Ngũgĩ alikataa, akatuachia swali la kujibu: mimi ningekuwa katika umati ule ningefanya nini? Kijana anayetaka kumwoa msichana wa dhehebu jingine au wa kabila jingine, hapa hapa Meru au Embu, analihitaji swali hilo kabla hajalihitaji gauni la harusi.

Sasa nigeukie shule, maana huko jambo hili limekuwa ugonjwa. Vikundi vya maigizo huzunguka na vitabu teule vya fasihi, vikaviigiza katika mabwalo ya shule, na wanafunzi hulipa wakatazama. Wengine hununua filamu za vitabu hivyo wakazitazama usiku wa kuamkia mtihani. Maigizo hayo husaidia sana yakija baada ya kitabu. Yakija badala ya kitabu, yanaharibu. Niliwahi kusoma insha ya mwanafunzi mwerevu aliyeulizwa aeleze tabia ya mhusika wa kike. Aliandika kwa mwandiko mzuri juu ya gauni lake jekundu, machozi yake na namna alivyopiga magoti. Katika riwaya hiyo hakuna gauni jekundu wala kupiga magoti. Vyote vilikuwa vya mwigizaji wa bwaloni. Kuhusu alichokifikiri mhusika kabla ya kuamua, ambacho mwandishi amekieleza kwa kurasa nzima, mwanafunzi hakuwa na sentensi hata moja. Alama alizopoteza si hasara kubwa. Hasara ni kwamba alipewa nafasi ya kuingia ndani ya moyo wa binadamu mwingine, akaishia kwenye nguo yake.

Najua nitakavyojibiwa. Mmoja atasema vitabu ni ghali. Ni kweli kwamba shilingi ni ngumu, hasa bei ya kahawa na chai inapoanguka. Lakini nyumba inayolipia king'amuzi kila mwezi haiwezi kusema kwamba haiwezi kabisa kununua riwaya moja kwa muhula. Kitabu kimoja husomwa na nyumba nzima, kikaenda kwa jirani, kikarudi. Maktaba za umma ziko Meru mjini, ziko Embu, iko hata Mikumbune. Na riwaya za Austen na za akina dada Brontë haki zake zilikwisha zamani, zinapatikana bure kwenye intaneti, katika simu ile ile tunayotazamia video.

Mwingine atasema hana muda. Kurasa 10 kila usiku humaliza riwaya kubwa kabla ya muhula kwisha. Tena huo urefu ndio faida yenyewe, kwa kuwa mapenzi ya kweli nayo huchukua muda, na anayejizoeza kungoja sura ya 30 hujizoeza kumngoja mchumba wake.

Kwenu wenye stesheni na watengenezaji wa vipindi, nanyi nina ombi. Kipindi cha Maria, kilichoanza kuonyeshwa Citizen mwaka 2019, kilithibitisha kwamba Wakenya watayaacha mapenzi ya ng'ambo watazame yao kwa Kiswahili. Gurinder Chadha, aliyezaliwa Nairobi, aliichukua riwaya ile ya Austen akaihamishia Amritsar, India, katika filamu ya Bride and Prejudice ya mwaka 2004. Amil Shivji wa Tanzania aliichukua Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi, habari za Yasmin na Denge katika Unguja ya wakati wa Mwingereza, akatoa filamu iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021. Kama Amritsar na Unguja zimeweza, matuta yetu yatashindwaje? Profesa Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka kwa jirani zetu, ametuandikia tamthilia za Kiswahili kama Natala na Kifo Kisimani. Chukueni kazi za watu wetu, lipeni waandishi haki yao, na kila sehemu ikiisha litajeni jina la kitabu ili mtazamaji ajue pa kwenda.

Kwa wazazi nasema hivi. Msizime runinga kwa hasira, maana kinachokatazwa kwa fimbo hutafutwa gizani. Ketini na watoto mtazame pamoja, kisha ulizeni: huyu amempendea nini? Nani analipa gharama ya furaha yake? Wewe ungesubiri? Mwisho wekeni kitabu chenyewe mezani, na nyinyi wenyewe muonekane mkikisoma, kwa sababu mtoto hufuata anachokiona.

Walimu, kisomeni kitabu chote darasani kabla ya kuwaita waigizaji, na baada ya maigizo waambieni wanafunzi wataje yaliyoongezwa na yaliyoachwa. Hapo tamasha la bwaloni litakuwa somo.

Na kwenu vijana, mtakaoposa na kuposwa miaka michache ijayo: siku hiyo hakutakuwa na muziki wa kukuambia kwamba huyu ndiye. Utakuwa na akili yako, dhamiri yako, na mazoea uliyoyapata ya kuwachunguza watu kwa haki na kwa subira. Mazoea hayo hupatikana kwa kusoma. Hadithi uliyoitazama wiki hii na ikakugusa moyo, itafute jina la mwandishi wake, kiazime kitabu, na kabla hujalala usiku wa leo uwe umesoma sura yake ya kwanza.