Amavubi: Tulifunga mlango, lakini hatukulima

Novemba 14, 2024 Amavubi walicheza na Libya hapa Kigali wakafungwa 1-0. Siku nne baadaye walikwenda Uyo wakaifunga Nigeria 2-1 nyumbani kwao, na nchi nzima ikashangilia. Lakini hesabu ilikuwa imekwisha kuharibika. Tulimaliza kundi tukiwa na pointi 8 sawa na Benin, wao wakapita kwa matokeo ya mechi zetu mbili dhidi yao. Sare tu na Libya, yaani bao moja, ingetupeleka Morocco kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika.

Nilisikia watu wakimlaumu kocha, wengine refa, wengine bahati mbaya. Mimi nalilaumu ghala letu, ambalo kwa miaka mingi halina akiba ya washambuliaji.

Ndugu msomaji, tazama hesabu hii. Katika mechi 6 za kundi lile tulifunga mabao 5. Katika mechi 10 za kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la 2026 tulifunga mengine 5. Mechi 16, mabao 10. Katika mechi hizo hizo tulifungwa mabao 16, wastani wa bao moja kwa mechi. Timu yenye ngome ya namna hiyo haihitaji miujiza, inahitaji wafungaji. Lakini kocha akigeuka kutazama benchi dakika ya 70, wa kumwingiza hamwoni.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 2003 Jimmy Gatete aliifunga Uganda Kampala, kisha akaifunga Ghana hapa Kigali, tukaenda Tunisia 2004 kwa mara ya kwanza. Mpaka leo hatujarudi tena. Badala ya kujiuliza nani atamrithi Gatete, tulichagua njia ya mkato: tukatazama ng'ambo ya mpaka, tukagawa uraia kwa waliokwisha iva.

Njia hiyo ilitupa raha ya muda mfupi. Mei 2014 Daddy Birori aliifunga Libya mabao matatu peke yake, tukashinda 3-0. Kisha tukaitoa Congo-Brazzaville kwa penalti. Agosti mwaka huo CAF ikatuondoa mashindanoni, kwa kuwa mchezaji huyo huyo alikuwa akiichezea AS Vita Club ya Kinshasa kwa jina jingine na pasipoti nyingine. Ushindi wote ukafutwa mezani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Baada ya aibu ile mlango ulifungwa. Hata Meddie Kagere, aliyezaliwa Uganda, aliwekwa kando. Aliporudishwa mwaka 2018 alikuwa Simba ya Dar es Salaam, ambako alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo. Klabu nayo ya APR ilitumia Wanyarwanda pekee kuanzia 2012 hadi 2023. Miaka 11! Nilidhani tungevuna wafungaji mpaka tuwauze nje. Hatukuvuna, kwa sababu kumzuia mgeni asiingie shambani si sawa na kulima.

Wafanyabiashara wa mpakani wananielewa haraka. Gatuna ilipofungwa Februari 2019 ilikaa hivyo karibu miaka mitatu, hadi Januari 2022. Nawafahamu waliokuwa wakitegemea mzigo wa upande wa pili peke yake, walifunga maduka. Waliopona ni wale waliokuwa na kitu cha kwao cha kuuza. Agosti 2014 ndiyo siku mpaka wetu wa soka ulipofungwa, na rafu zikabaki tupu.

Nisieleweke vibaya. Mimi mwenyewe nilizaliwa Ngara, Tanzania, nikarudi nchini mwaka 1995 nikizungumza Kiswahili kuliko Kinyarwanda, na wako waliouliza kama kweli ni wa hapa. Gatete naye alizaliwa Bujumbura. Mtoto wa nyumbani aliyezaliwa ugenini akirudi, haazimwi na mtu, yuko kwao. Wala sina ugomvi na kijana wa nchi jirani aliyepewa uraia kwa haki na kwa karatasi safi. Ugomvi wangu ni na desturi ya kumtumia yeye kama dawa ya kuficha kidonda ambacho hatutaki kukitibu.

Tiba ipo, na tumekwisha kuionja. Mwaka 2011 vijana wetu wa chini ya miaka 17 waliotayarishwa pamoja walifika fainali ya Afrika hapa hapa Kigali, wakaenda Kombe la Dunia kule Mexico. Hawakuokotwa uwanjani wiki mbili kabla ya mechi. Baada yao tulipaswa kuandaa kundi jingine, na jingine. Tukaridhika na picha za kumbukumbu.

Wito wangu kwa FERWAFA ni huu. Ligi za vijana zichezwe kila wilaya, msimu mzima, zikiwemo Rusizi, Rubavu, Nyagatare na Kirehe, ambako watoto hucheza mpira kila jioni bila mtu wa kuwatazama. Klabu za daraja la kwanza zipewe sharti la kumpa mshambuliaji kijana dakika za kucheza, si nafasi ya kubeba chupa za maji. Na kocha wa taifa awatumie washambuliaji watatu au wanne tofauti katika mechi za kirafiki, hata tukifungwa, ili siku wa kwanza akiumia wa pili asiwe mgeni.

Kazi hii haina makofi ya haraka. Mtoto wa miaka 13 atakayeanza kulelewa leo huenda akaivaa jezi ya taifa baada ya miaka sita au saba, na kiongozi aliyemwanzisha huenda hatakuwepo ofisini kupiga naye picha. Lakini Libya tutakutana nayo tena, na siku hiyo bao moja litatafutwa. Afadhali awepo wa kulifunga.