Mizani Kabla ya Kidonge

Katika kitengo cha kusafisha damu, kipimo cha shinikizo kikisoma juu, mara nyingi swali la kwanza huwa: "Tumwongezee dawa gani?" Kwa maoni yangu, hilo linapaswa kuwa swali la mwisho. La kwanza ni: "Amebeba maji kiasi gani?" Na mwenye nafasi bora ya kulijibu ni muuguzi anayesimama kando ya mashine.

Figo zilizoshindwa kazi hazitoi tena chumvi na maji ya ziada. Takribani gramu 9 za chumvi zinazobaki mwilini hushikilia lita moja ya maji. Maji hayo hujaza mishipa, nalo shinikizo hupanda. Kidonge huweza kuilegeza mishipa, lakini hakiyatoi maji kwa mtu asiyepata mkojo. Kazi hiyo ni ya mashine.

Ndiyo maana tunazungumzia uzito mkavu, yaani uzito wa chini kabisa anaoufikia mgonjwa baada ya kusafishwa damu bila kuvimba, kukosa pumzi wala kuzirai. Uzito huo hubadilika. Aliyekonda kwa kukosa hamu ya chakula anaweza kusoma kilo zilezile kwenye mizani, kumbe maji yamechukua nafasi ya nyama. Muuguzi anayemtazama miguu na kumuuliza amelalia mito mingapi hulitambua jambo hilo mapema.

Hata hivyo, kuyatoa maji kwa pupa nako kuna madhara. Tafiti zimehusisha kasi inayozidi mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa na ongezeko la vifo. Mgonjwa wa kilo 60 aliyeongezeka kilo 4, akitolewa lita 4 kwa saa 4, hufikia takribani mililita 17. Shinikizo huporomoka. Dalili huanza kimya kimya: miayo, jasho, kichefuchefu, misuli kukaza. Moyo na ubongo hupungukiwa damu, na fistula ya mkononi inaweza kuziba. Matibabu hukatishwa, mgonjwa hurudi nyumbani na sehemu ya maji yake, shinikizo hupanda tena, naye huongezewa kidonge ambacho siku ya mashine hulifanya liporomoke upesi zaidi.

Ili kuuvunja mzunguko huo, muuguzi apewe muda na mamlaka. Muda wa kumpima uzito, kupima shinikizo akiwa ameketi na kisha amesimama, kuuliza dawa alizomeza asubuhi, na kurudia kipimo angalau kila nusu saa. Mamlaka ya kupunguza au kusimamisha utoaji wa maji, kuinua miguu ya mgonjwa na kumpa maji ya dripu kwa mwongozo uliokwisha kukubaliwa, huku daktari akiitwa. Maji yakizidi uwezo wa saa 4, dawa yake ni kurefusha muda au kuongeza siku, si kuongeza kasi.

Watasema wauguzi ni wachache na mashine zinasubiriwa. Ni kweli. Lakini anayezimia katikati ya matibabu hutumia muda mrefu wa muuguzi kuliko dakika chache za maswali.

Jiji letu nalo lina madai yake. Masika, Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na mgonjwa wa Magomeni au Ubungo anayetibiwa upande wa Upanga hukwama. Kwake, kukosa siku moja ni kubeba maji ya siku zaidi. Kila kitengo kiwe na orodha ya wanaovuka bonde hilo, namba zao za simu, na utaratibu wa kuwatanguliza mvua inapotabiriwa. Wengine hukwama kwa kukosa fedha. Hao nao waulizwe kwa staha, wasikaripiwe kwa kilo walizoongeza.

Ushauri wa chakula nao uwe wa hapa hapa. "Punguza chumvi" halimsaidii mchuuzi wa Kariakoo anayekula barabarani. Atajiwe papa mkavu, ng'onda, achari, supu na chipsi zilizonyunyiziwa chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifikie gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Aelezwe kwamba chumvi huleta kiu, na kwamba dafu, licha ya kuwa maji, lina potasiamu inayoweza kuuhatarisha moyo wake.

Nanyi wagonjwa, ujueni uzito wenu mkavu kama mnavyoyajua majina yenu. Pimeni shinikizo nyumbani, kamwe si kwenye mkono wenye fistula. Msiache dawa kwa uamuzi wenu. Ulizeni ipi imezwe kabla ya mashine na ipi baada yake. Mkisikia miayo isiyoisha au kizunguzungu mkiwa kwenye kiti, mwiteni muuguzi mara moja. Kumwita si kumsumbua.